Mafua hayasikii amoksilini

Mhariri,

Juzi nilikuwa duka la dawa mtaani kwetu. Kijana aliyenitangulia, makamasi yanamtiririka, akaomba "zile rangi mbili". Akafungiwa kapsuli nne za amoksilini, dawa ya kuua bakteria, kwenye kikaratasi, bila cheti cha daktari.

Mafua huletwa na virusi, na kirusi hakijigawi. Hujipenyeza ndani ya seli yetu na kuigeuza kiwanda cha kutoa nakala zake. Amoksilini haina la kufanya hapo. Yenyewe huvuruga ukuta wa bakteria anapokua na kujigawa. Na bakteria kama E. koli, anayeishi utumboni mwetu, akipata joto na chakula cha kutosha, hujigawa kila dakika 20 hivi. Kapsuli nne haziwamalizi bakteria kama hao walio mwilini. Wanaobaki aghalabu ni wale sugu, nao wanaendelea kuzaana.

Wenye maduka, cheti mtaanza kukidai lini?

Msomaji wenu,
Tanga