Sindano ya chembe nyeupe iendane na maelezo ya maumivu

Mhariri,

Mgonjwa anayeanza kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, huambiwa mapema kuhusu kutapika na kunyonyoka nywele. Sindano ya kupandisha chembe nyeupe za damu, filgrastimu au pegifilgrastimu, mara nyingi huchomwa bila maelezo. Siku mbili baadaye kiuno, nyonga na mfupa wa kidari vinauma hadi usingizi unakata, na mgonjwa anaamini saratani imeingia mifupani. Wapo wanaoikataa sindano ya awamu inayofuata. Hilo ndilo la kuogopa, maana chembe nyeupe zikishuka sana, hata maambukizi madogo yanaweza kuua.

Kinachouma ni uboho, ule ute laini ulio ndani ya mifupa. Sindano huuchochea uzalishe chembe nyeupe kwa kasi isiyo ya kawaida, na kwa mtu mzima uboho unaofanya kazi hiyo uko zaidi kwenye nyonga, uti wa mgongo na kidari. Wengine husikia mfupa ukipwita pamoja na moyo. Kwa kawaida maumivu huanza ndani ya siku 1 hadi 3 na hutulia kabla ya wiki kwisha.

Kliniki nyingi hutanguliza loratadini, dawa ileile ya mzio: miligramu 10 mara moja kwa siku, kuanzia siku ya sindano, kwa siku 5 hadi 7. Haimsaidii kila mtu, lakini madhara yake ni machache, kwa hiyo tunaona inastahili kujaribiwa mgonjwa akishamwuliza daktari wake.

Maumivu yakizidi, kuna parasetamoli. Mtu mzima humeza vidonge 2 vya miligramu 500 na kusubiri walau saa 6. Asipitishe vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au uzito chini ya kilo 50 hupangiwa dozi ndogo zaidi. Tatizo ni kwamba parasetamoli hushusha homa, na homa ndiyo dalili ya kwanza, pengine ya pekee, kwamba maambukizi yameanza. Joto lipimwe kabla ya kila dozi, si baada yake. Kipimajoto kikae katikati ya kwapa kavu, mkono ubanwe ubavuni mpaka kilie. Na ikumbukwe kuwa kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni. Kikionyesha 38 au zaidi, safari ya hospitali ni saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Anayetetemeka kwa baridi aende pia, kipimajoto kiseme kisemavyo.

Naprokseni, ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu haya vizuri, pengine kuliko parasetamoli. Lakini kemo hushusha chembe sahani zinazogandisha damu, na dawa hizi huongeza hatari ya kuvuja damu, hasa tumboni. Huumiza figo pia, na anayepewa sisplatini, mojawapo ya dawa za kemo, figo zake tayari ziko mashakani. Zisinunuliwe dukani kabla daktari hajaona vipimo vya karibuni vya damu na figo.

Si kila maumivu ya mifupa yanatokana na sindano hii. Paklitakseli, dawa nyingine ya kemo, nayo huleta maumivu ya viungo na misuli siku chache baada ya dripu. Vidonge vya saratani ya matiti, letrozoli au anastrozoli, hukaza vidole na magoti asubuhi. Mazoezi ya mara kwa mara husaidia, na daktari anaweza kubadilisha kidonge. Mgonjwa asikiache mwenyewe.

Maumivu makali juu ya tumbo upande wa kushoto, au kwenye ncha ya bega la kushoto, yanaweza kuwa bandama inayovimba au kupasuka. Mgongo unaouma huku miguu ikilegea, kufa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka au kutoka bila kujizuia, ni dharura ya siku hiyohiyo. Mwenye selimundu aseme kabla ya kuchomwa, kwani sindano inaweza kumwamshia shambulio kali.

Tunaomba kila kliniki impe mgonjwa kadi pamoja na sindano yenyewe, iandikwe tarehe ya kuchomwa, dawa za maumivu alizoruhusiwa na dozi zake, na namba ya simu inayopokelewa usiku.

Wauguzi na wafamasia wa wagonjwa wa saratani