Ottaa vauhtia si kuharakisha

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vijana wa Lubumbashi wanaojifunza Kifini kwa simu yalitufurahisha, ila tunaomba mrekebishe jambo moja. Mliandika kwamba msemo ottaa vauhtia maana yake ni kuharakisha. Sivyo. Kijana akiushika hivyo, siku mwalimu au msimamizi wake wa kazi atakapomwambia ota vauhtia, atarukia kazi papo hapo wakati anaambiwa ajipange kwanza.

Vauhti ni kasi, ottaa ni kuchukua. Lakini anayechukua kasi hii bado hajaanza tendo lenyewe. Mwangalieni mpiga penalti pale uwanja wa Mazembe, Kamalondo: hatua anazorudi nyuma ya mpira, kisha zile anazoujia nazo, ndizo tunazozungumzia. Teke halimo. Kwa Wafini mfano wa karibu zaidi ni mkuki, mchezo uliowapa dhahabu za Olimpiki kwa Matti Järvinen mwaka 1932, Tapio Rautavaara mwaka 1948 na Tapio Korjus mwaka 1988. Kanuni zinataka njia ya kukimbilia isipungue mita 30, na mbio hizo za kabla ya kurusha huitwa vauhdinotto. Kwenye kuruka kwa ski, vile vibao vya kutelezea thelujini, mteremko wa kuanzia ni vauhtimäki, yaani kilima cha kasi. Na anayeruka kwenda mbele bila kukimbia, miguu yote miwili pamoja, ule mruko wake ni vauhditon. Kiambishi -ton ni “bila”. Mkilijua hilo neno la mwisho, maana ya msemo haiwapotei tena.

Tunadhani tunajua kosa limetoka wapi. Mfini akipaza sauti Vauhtia! peke yake, hapo kweli anakuhimiza ufanye haraka. Kitenzi ottaa kikiingia, mambo yanageuka.

Kwa wasomaji wa hapa kwetu njia fupi ni Kifaransa: prendre de l'élan. Inalingana karibu neno kwa neno, na hata ile de l' inasaidia, kwa kuwa Kifini nacho kinasema unachukua kiasi fulani tu cha kasi. Ndiyo kazi ya ile -a mwishoni mwa vauhtia. Linganisheni otan kirjan, nachukua kitabu (chote), na otan kahvia, nachukua kahawa (kiasi). Wanaoanza huandika otan vauhti kwa sababu kamusi inawapa vauhti, au otan vauhdin kwa kuiga kirjan. Zote mbili ziachwe. Methali ya simba mwenda pole, ambayo baadhi ya walimu huitumia kuelezea msemo huu, inapotosha: simba yule ananyata, hakimbii.

Kitenzi chenyewe kina mtego mmoja, t mbili zinazopungua kuwa moja. Otan, otat, otamme, otatte zina t moja mwanzoni. Ottaa na ottavat zinabaki na mbili. Wakati uliopita ni otin, lakini yeye ni otti. Kukanusha ni en ota vauhtia, na ile -a haiondoki. Unapotaja unakochukulia kasi, jina linapata -sta au -stä: muogeleaji anayesukuma ukuta kwa miguu ottaa vauhtia seinästä. Kocha anayetaka urudi nyuma zaidi atasema Ota vauhtia kauempaa! Sentensi moja ya kukariri nzima, kwa sauti: Hän otti vauhtia ja hyppäsi ojan yli, alichukua kasi akaruka mtaro. Maana ya mwili ikishakaa ndipo mhamie ile ya mafumbo, kama timu au biashara inayojiandaa kwa msimu mpya. Anayeanzia kwenye mafumbo huishia kutumia msemo kwa kila kitu chenye haraka.

Matamshi nayo tusiyapuuze. Mkazo uko silabi ya kwanza, VAUH-ti-a, nasi kwa mazoea tunaupeleka kwenye ti. Halafu ile h. Huku Lubumbashi tunasema apa na uyu, h tumeimeza zamani, kwa hiyo tunatamka “vautia”. Isemeni kama ilivyo ndani ya muhtasari, pumzi isikike kabla ya t. Kwenye ottaa ulimi usimame kidogo kwenye t, kisha a ivutwe.

Vitenzi vingine viwili vifundishwe siku hiyo hiyo. Mtoto kwenye bembea akisema Anna vauhtia! anaomba asukumwe, hapo kasi inatoka kwa mwingine. Päästä vauhtiin ni hatua ya baadaye, mtu au kazi imeshashika kasi. Mpangilio ni huo: unaichukua au unapewa, kisha unaingia ndani yake.

Mwisho, katika makala yenu päästä ilichapwa paasta. Kwa Wafini ä ni herufi nyingine kabisa, si a iliyopambwa. Kwenye kibodi ya Kifaransa, shikilia kitufe cha herufi kubwa, bonyeza kile cha ^ kilicho kulia kwa P, achia, kisha andika a.

Wenu,
Kikundi cha walimu wa lugha, Kamalondo, Lubumbashi