Malalamiko kuhusu safari ya Orlando: hoteli zetu mbili mmezipanga kinyume

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Wakala wa Safari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPANGWA KINYUME KWA HOTELI ZETU MBILI WALT DISNEY WORLD, NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyelipia kwenu safari ya familia kwenda Walt Disney World, eneo la hoteli na bustani za burudani lililoko Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, wakati wa likizo ya shule ya Desemba. Tulisafiri wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka sita na mama yangu mzazi. Fedha tulizilipa kwa awamu na tulimaliza zote kabla ya kuondoka; risiti zenu ninazo. Tuliporudi, ofisa wenu alinipigia simu, na alichoniambia kiliniumiza kuliko hata kosa lenyewe. Alisema hoteli tulizolala ni zilezile tulizoomba, kwa hiyo hakuna tulichopoteza. Naandika kuijibu kauli hiyo, na kudai haki yangu.

Naanza na kile tulichoagiza, maana ndiko liliko shina la jambo lenyewe. Eneo lile ni kubwa kama mji. Lilifunguliwa mwaka 1971 likiwa na bustani moja ya burudani, Magic Kingdom. EPCOT ikafuata mwaka 1982, Hollywood Studios mwaka 1989 na Animal Kingdom mwaka 1998. Bustani hizi ziko mbalimbali, na njia ya kuzifikia inategemea umelala wapi: wengine wanapanda basi, wengine boti, wengine treni ya reli moja, wengine magari ya kebo. Kwa hiyo hoteli ndiyo inayoamua asubuhi yako itaanzaje na usiku utarudi katika hali gani. Ndiyo maana tuliamua kuigawa likizo kwenye hoteli mbili, tukaja ofisini kwenu kulieleza hilo kinagaubaga, na mkatutoza ada ya ziada kwa kazi hiyo.

Tuliomba kuanzia Pop Century. Ni hoteli ya gharama nafuu, na ina kituo cha magari ya kebo yanayoitwa Skyliner, yanayokupeleka Hollywood Studios na EPCOT. Siku za mwanzo mtu ana uchovu wa safari, saa zimembadilikia, analala mapema. Hakuna sababu ya kulipia chumba cha bei kubwa ili upitiwe na usingizi ndani yake. Kilichookolewa pale ndicho kingetusaidia kulipia Contemporary siku za mwisho. Hoteli hiyo iko jirani kabisa na Magic Kingdom. Treni ya reli moja inapita ndani ya jengo lenyewe, na ukitoka bustanini, kituo kinachofuata ni hapo hapo hotelini. Mwenye miguu mizima anatembea dakika kumi hivi.

Mama yangu ana maradhi ya magoti. Tulimweleza ofisa wenu kwamba siku za Magic Kingdom ndizo zitakuwa ndefu, na kwamba tunataka mama aweze kurudi chumbani adhuhuri, anyooshe miguu, kisha jioni atoke tena na mjukuu wake kuangalia fataki. Ofisa alitushauri tufikirie Animal Kingdom Lodge, yenye majengo ya Jambo House na Kidani Village, ambako twiga na pundamilia wanaonekana kutoka kwenye baraza za vyumba. Ni hoteli ya kupendeza, sina neno nayo. Lakini kutoka pale kwenda Magic Kingdom ni basi, tena safari si fupi, na twiga tunawaona Mikumi. Tulikataa, tukarudia ombi letu: Pop Century kwanza, Contemporary mwisho. Mkathibitisha kwa barua pepe, na vocha mliyotupa ikaandikwa hivyo hivyo. Nakala za vyote viwili nimeviambatanisha.

Tulifika Pop Century usiku, kama vocha inavyosema. Dada wa mapokezi alitafuta jina letu, akatafuta tena kwa namba ya pasi ya kusafiria, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee mwenyewe. Nafasi yetu pale ilikuwa inaanza siku kadhaa mbele. Usiku ule tulikuwa tunasubiriwa Contemporary. Mama alikuwa amekaa juu ya begi, mtoto amelala mapajani pake. Tukaita teksi nyingine.

Nilipiga namba yenu ya dharura, ile mnayosema inapokelewa saa 24. Orlando ilikuwa saa tano usiku, na kwa kuwa Dar es Salaam iko mbele kwa saa nane, kwenu ilikuwa saa moja asubuhi. Iliita mpaka ikakata. Kesho yake wahudumu wa Contemporary walinieleza kwa upole kwamba nafasi iliyowekwa na wakala hubadilishwa na wakala, wao hawawezi kuigusa. Mlipojibu ujumbe wangu, jibu lilikuwa neno moja, "Tunafuatilia." Mlipomaliza kufuatilia, Contemporary ilikuwa imejaa kwa siku zote tulizokuwa tunazihitaji. Desemba hoteli zile hazisubiri mtu.

Naomba hapa mnielewe vizuri, kwa sababu ndipo ofisa wenu alipokosea hesabu. Siku tulizolala Contemporary, kwa bei ile, zilikuwa siku za Hollywood Studios na EPCOT. Kwenda Hollywood Studios tulipanda basi. Kwenda EPCOT tulipanda treni mpaka kituo kikuu, tukashuka, tukapanda nyingine. Kumbe Pop Century tungepanda Skyliner hatua chache kutoka chumbani. Jioni tulirudi hoi kwenye chumba kilicho jirani na bustani ambayo zamu yake ilikuwa bado. Zamu yake ilipofika, tulishahamishwa. Tulilipia ukaribu na Magic Kingdom, na ukaribu huo tukaupata siku ambazo haukuwa na kazi.

Mtauliza kwa nini hatukubadilisha tu siku za bustani. Siku moja ya Magic Kingdom tuliivuta mbele, tukaokoa tulichoweza. Lakini mambo mawili hayakuwa na namna. La kwanza, mke wangu alikuwa ameweka meza ya kifungua kinywa Chef Mickey's, mgahawa ambao Mickey Mouse mwenyewe, yule panya wa katuni za Disney, na wenzake huja mezani kusalimia watoto. Mgahawa huo uko ndani ya Contemporary. Meza zake hugombaniwa; wageni wa hoteli zile huanza kuziwania siku 60 kabla ya kufika, na yeye alichagua asubuhi ya siku za mwisho kwa sababu vocha yenu ilisema ndipo tutakapokuwa tumelala. Matokeo yake tuliamka gizani Pop Century, tukapanda basi mpaka Magic Kingdom, kisha tukarudi Contemporary kula kwenye jengo tulilotoka na mabegi yetu juzi yake.

La pili ni sherehe ya Krismasi ya Magic Kingdom, Mickey's Very Merry Christmas Party. Kiingilio chake hununuliwa peke yake, kwa tarehe maalumu, na fedha hairudishwi. Wageni wa kawaida hutolewa saa kumi na mbili jioni, sherehe huanza saa moja na kuisha saa sita usiku. Usiku ule ndio uliokuwa sababu kubwa ya kutaka Contemporary mwishoni. Binti yangu aliufurahia, na mama pia. Aliona theluji ya bandia ikidondoka barabarani akanyoosha kiganja. Siwezi kusema hatukupata kitu.

Ilipogonga saa sita, kiti mwendo tulichokodi bustanini ilibidi tukirudishe getini, kwani hakiruhusiwi kutoka nje. Tungekuwa Contemporary, kilichobaki ni kituo kimoja cha treni na lifti. Badala yake tulijipanga foleni ya basi pamoja na umati wote uliokuwa unatoka. Basi la kwanza lilijaa mbele yetu. Nilikuwa nimembeba mtoto begani, mke wangu ana mifuko. Mama alishika chuma cha foleni kwa mikono miwili, na kiatu cha mguu wa kulia alikuwa amekivua kwa sababu mguu ulishavimba haukuenea. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama basi linalofuata litakuwa na pa kukaa. Kutoka kituo cha basi cha Pop Century mpaka jengo letu bado ni mwendo mwingine, na tulikwenda tukisimama kila baada ya hatua chache. Kesho yake hakutoka chumbani. Ilikuwa siku yetu ya mwisho Magic Kingdom, na kiingilio chake kiliisha bila kutumika.

Sijagusa bado siku ya kuhama, ambayo kwa mtu wa hoteli mbili ndiyo siku inayohitaji uangalizi kuliko zote. Chumba cha kwanza unakiachia saa tano asubuhi, cha pili unakabidhiwa kuanzia saa tisa alasiri. Katikati hapo huna makazi. Hoteli za pale zina utaratibu mzuri: asubuhi unawakabidhi mabegi wahudumu wa mizigo, wanayahamishia hoteli ya pili bila malipo, nanyi mnakwenda zenu kutembea. Nilipompa mhudumu namba ya nafasi yetu ya Pop Century, akaniuliza leo tunalala wapi. Nikamjibu, Pop Century. Akanionyesha: inaanza kesho.

Yaani katika kugeuza hoteli hizo mlidondosha usiku mzima katikati. Ankara yenu inauhesabu na mimi nimeulipia, lakini hakuna hoteli iliyokuwa na jina langu usiku huo. Kwa bahati Pop Century walikuwa na chumba kimoja, nikakilipia kwa kadi yangu dola 246 pamoja na kodi. Kesho yake mchana tukahama tena ndani ya hoteli hiyo hiyo, kwa sababu chumba cha dharura na chumba mlichokiweka ninyi havikuwa kimoja. Asubuhi nzima ya EPCOT ilipotelea kwenye dawati la mapokezi.

Wafanyakazi wa hoteli zote mbili sina lalamiko nao. Walitusaidia kadiri mamlaka yao yalivyofika. Kosa ni lenu, na ukubwa wake unaonekana kwenye vocha. Vocha yenye nembo yenu ilisema kitu kimoja, na nafasi mlizoweka zilisema kingine. Namba halisi za hoteli hatukupewa mpaka tulipofika, hivyo hapakuwa na njia ya mteja kugundua akiwa bado Dar es Salaam. Mngetutumia uthibitisho wa hoteli zote mbili kama ulivyotoka, mke wangu angeliona tatizo dakika ileile. Ni mhasibu, tarehe hazimpiti.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Kwanza nirejeshewe dola 246 nilizolipa kwa usiku ambao nilikwisha kuulipia kwenu, pamoja na nauli ya teksi ya usiku tuliofika. Risiti zote zimeambatanishwa. Nirejeshewe ada yote mliyotoza kwa kupanga hoteli mbili, kwa kuwa kazi hiyo haikufanyika. Kuhusu Contemporary, nadai tofauti ya bei kati yake na Pop Century kwa siku tulizolala pale, kwani faida tuliyoilipia hatukuipata, na kosa halikuwa la hoteli wala letu. Mnirejeshee pia thamani ya kiingilio cha mama cha siku ya mwisho. Na mama aandikiwe barua ya kuomba radhi kwa jina lake, itiwe sahihi na mwenye mamlaka. Hili la mwisho msilichukulie kama nyongeza. Ndilo aliloniuliza yeye mwenyewe, kama kuna mtu kwenu anayejua kilichotokea.

Natarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila majibu, nitawasilisha shauri hili, pamoja na vocha na barua pepe zenu, kwenye Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mteja dhidi ya maelezo ya kupotosha kuhusu huduma anayouziwa. Ningependa tumalize sisi kwa sisi. Sitapokea malipo kwa njia ya punguzo la safari ijayo, kama ofisa wenu alivyodokeza kwenye simu; fedha zilitoka taslimu na zirudi taslimu, kwenye akaunti ileile iliyowalipa.

Wenu,

Mteja (jina na namba ya mkataba vipo kwenye viambatanisho)
Tabata, Dar es Salaam

Viambatanisho: nakala ya vocha, barua pepe ya uthibitisho, ankara, risiti za hoteli na teksi, kiingilio kisichotumika.