YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATEMBEZI YA KUZUNGUKA ULURU, AUSTRALIA

Kwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kipeperushi chenu kinaahidi mzunguko mzima wa mwamba wa Uluru, kilometa 10.6, chini ya kiongozi mwenyeji wa jamii ya Anangu. Watu 12 tulilipia hayo. Jumamosi iliyopita tulipewa kiongozi asiye mwenyeji, tukatembea pungufu ya kilometa 4, kisha tukapakiwa kwenye basi kurudi hotelini.

Ofisi yenu imejibu kwa simu kwamba tatizo ni joto. Si kweli, tatizo ni ratiba. Mzunguko ule huchukua kama saa tatu na nusu, na hifadhi inashauri siku za joto watu wawe wamemaliza kufikia saa tano asubuhi. Anayeanza saa kumi na mbili alfajiri anamaliza saa tatu na nusu, bila haraka. Basi lenu lilitushusha Mala, mahali matembezi yanapoanzia, saa nne kasoro dakika ishirini. Juu ya hapo kiongozi akaanzia upande wa kusini, wakati kawaida ni kuanza na kaskazini: huko njia iko mbali na mwamba, imekaa wazi, na inafaa ipitwe jua likiwa bado changa.

Maji nayo. Kipimo cha hifadhi ni lita 1 kwa saa kwa kila mtu, maana yake lita 42 kwa kundi letu. Kwenye boksi la barafu zilikuwemo chupa 12 za mililita 600, yaani lita 7.2.

Lililotuudhi zaidi ni maelezo. Penye bwawa la Mutitjulu, kiongozi alimfanya Kuniya kuwa dume. Kuniya ni chatu jike, aliyempiga Liru, nyoka mwenye sumu, kulipiza kisasi cha mpwa wake. Nyufa mbili za ukutani ndizo alama za mapigo ya fimbo yake, na kiongozi alikuwa amezipa mgongo. Kuhusu kupanda mwamba, alisema kumefungwa kwa muda kwa sababu ya upepo. Kulifungwa moja kwa moja tarehe 26 Oktoba 2019 kwa uamuzi wa bodi ya hifadhi, miaka 34 kamili tangu wenyeji warudishiwe ardhi yao. (Matembezi ya Mala ya walinzi wa hifadhi ni ya bure, na haya yote wanayaeleza sawasawa.)

Tena alitupanga tupige picha mbele ya kibao kinachokataza picha. Kwa Waanangu, maumbo ya mwamba pale ni kama maandiko matakatifu: hutazamwa palepale tu, mengine na wanawake peke yao au wanaume peke yao. Picha hiyo sasa iko kwenye ukurasa wenu wa matangazo.

Tunadai, ndani ya siku 14: picha iondolewe leo hii, bila kusubiri hizo siku, turudishiwe nusu ya malipo, na neno "mwenyeji" lifutwe kwenye kipeperushi mpaka mtakapomwajiri mtu wa jamii ya Anangu, pamoja na mkalimani akichagua kusimulia kwa lugha yao, Kipitjantjatjara. Tiketi za hifadhi za siku 3 tulijinunulia wenyewe, hizo hatudai.

Wenu,
Wawakilishi wa kundi la wasafiri 12