Wauza mikeka wa msimu tutozwe kwa siku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotugusa sisi tunaouza mikeka, vikapu, vyungu na vipepeo kwenye magulio na viwanja vya maonyesho mkoani Kigoma wakati wa kiangazi. Ombi langu ni kwamba wanaosimamia maeneo hayo watutoze ushuru kwa siku tunazouza, badala ya ada moja ya msimu mzima ambayo katika gulio ninalouzia hudaiwa kabla hata mtu hajatandika turubai lake.

Asiyeijua kazi hii anaweza kudhani kwamba mfanyabiashara ni mfanyabiashara tu. Ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa, huchemshwa na rangi, kisha husukwa ukili mrefu ambao baadaye hushonwa pamoja hadi uwe mkeka. Mkeka mkubwa humchukua mtu wiki kadhaa, kwa kuwa wengi wetu husuka jioni tukishatoka shambani. Masika ndiyo wakati mzuri wa kusuka, maana hewa yenye unyevu huufanya ukindu uwe laini, lakini ukifika upepo mkavu wa Juni hadi Septemba, usipoulowesha kila mara hukatikia mkononi. Kwa hiyo mzigo tunaokuja nao mwanzoni mwa kiangazi ndio huohuo tutakaouza hadi mvua zirudi. Muuza ndoo za plastiki akimaliza mzigo wake asubuhi, jioni analeta mwingine. Sisi tukimaliza tumemaliza, lakini ada yetu na yake ni moja.

Wengi hudhani kwamba tunategemea watalii. Ni kweli kwamba wanaokwenda kuwaona sokwe wa Gombe na Mahale huja zaidi kiangazi, lakini wengi wao hupita mjini haraka wakiwahi boti, na anayenunua huchukua kikapu kidogo kinachoingia begini. Mteja wetu hasa ni mama anayeoza binti, ni msikiti unaotaka mikeka mipya, na ni familia za wavuvi na wachuuzi wa dagaa, ambao mifuko yao hulifuata ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi hubaki ufukweni na biashara yetu hudoda. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, hatua ambayo mimi binafsi sina ugomvi nayo, ila iliangukia katikati ya msimu wetu. Waliokwisha kulipa ada hawakurudishiwa chochote, na wengine walirudi nyumbani na mikeka waliyokuja nayo.

Nimewahi kujibiwa kwamba kukusanya ushuru wa kila siku kuna usumbufu na fedha hupotea njiani. Jibu hilo lingekuwa na uzito zamani. Siku hizi watoza ushuru wana mashine za kutolea risiti, na mama anayeuza ndizi hutozwa kwa siku bila mzozo. Wala kumtoza mdogo kwa kadiri ya udogo wake si jambo geni nchini: Desemba 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Sijui msukaji hata mmoja wa Ujiji anayefikia mauzo hayo kwa mikeka peke yake.

Zaidi ya ushuru, lipo suala la kivuli. Mara nyingi wenye vyakula na vinywaji hupewa upande wenye miembe, nasi hupangwa juani. Rangi ya zambarau hupauka haraka kuliko zote. Mkeka ukitundikwa siku chache, mteja hugeuza upande wa nyuma, akaona rangi ilivyokuwa, kisha husema, “Mama, huu umeshachakaa, nipunguzie,” na huna la kumjibu kwa sababu ameuona ukweli kwa macho yake.

Najua wapo watakaochomeka mikeka ya plastiki ya kiwandani katikati ya ya ukindu ili walipe kidogo. Hao watozwe ada ya kawaida, maana hakuna mtoza ushuru wa Kigoma asiyeweza kutofautisha plastiki na ukindu.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza 1 Julai, wakati sisi tumeshatandika bidhaa. Kwa hiyo naomba madiwani walichukue jambo hili mapema, kwenye vikao vya bajeti, kwa sababu likisubiri hadi kiangazi kiingie tutaambiwa viwango vimeshapitishwa.

Msukaji mikeka,
Ujiji, Kigoma.