Mdogo wangu, ile siku hukuwa unaigiza

Mdogo wangu,

Juzi uliposema bora ubaki na maumivu kuliko kurudi tena kwenye nusu kaputi, nilinyamaza kwenye simu kwa sababu nlikuwa nalia. Naandika hapa wazi maana najua kuna wengine yamewapata kama yako na hawana pa kuuliza.

Siku ile baada ya operesheni mi nlikuwa pembeni ya kitanda. Ulishazinduka vizuri kabisa, ukaomba maji, ukalalamika kichefuchefu, wakakuchoma sindano ya kuzuia kutapika. Haikupita muda mrefu shingo ikaanza kuvutwa kushoto, taratibu, kama kuna mtu kaishika, macho yakapanda juu ukabaki weupe tu, taya likakaza na maneno hayatoki. Nikakupa kidole nikakuambia kama unanisikia nibane mara mbili, ukabana mara mbili. Yaani ulikuwa unasikia kila kitu, hadi yule aliyesimama juu ya kichwa chako akasema "huyu anaigiza, muacheni atatulia". Najua hilo neno lilikuuma kuliko hata shingo.

Hukuwa unaigiza. Ile kitu inaitwa distonia. Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini, hiyo ndo inasaidia kupanga misuli ipi ikaze na ipi ilegee, sasa dawa uliyochomwa, metoklopramidi, inazuia kutapika kwa kuizuia dopamini isifanye kazi, na ikigusa mpaka sehemu inayoongoza misuli basi misuli inakaza yenyewe, huwezi kuizuia hata ujitahidi vipi. Inawapata zaidi watoto na vijana, hasa wanawake, na mara nyingi ni ndani ya siku moja au mbili. Kifafa sio, maana mtu aliyeshikwa na degedege la mwili mzima hawezi kukujibu kwa kubana kidole. Na vipimo vya damu na picha ya kichwa vinaweza kutoka safi kabisa, ndo maana watu wanakimbilia kusema mgonjwa anajifanya.

Dawa za nusu kaputi zenyewe pia zinaweza kuleta mambo kama haya. Propofoli, ile nyeupe kama maziwa, kuna watu inawafanya warushe mikono na miguu au mgongo ujipinde, wakati wa kulala, wa kuzinduka, au hata masaa baadae. Kile kutetemeka kama mwenye baridi baada ya operesheni ni kitu kingine, kinawapata wengi na kinaisha chenyewe.

Unamkumbuka yule nesi wa zamu ya usiku? Ndo mtu wa kwanza aliyeuliza "amechomwa nini cha kutapika?" Akafungua faili, akasoma, akamuita daktari, ukachomwa difenhidramini, dawa ya mzio ambayo pia inatuliza distonia, kwenye mshipa, na dakika chache tu nikaona shingo inalegea, macho yanashuka, ukanitazama. Mungu ambariki popote alipo. Vile vidonge ulivyopewa vya siku mbili tatu ni kwa sababu ile sindano ikiisha nguvu shingo ingeweza kuvutwa tena.

Kwa hiyo usikatae operesheni kabla hujaongea na daktari wa usingizi, huyo mwenyewe, sio kupeleka ujumbe kwa mtu wa mapokezi. Mwambie jina la dawa, mwambie ilivyokuwa, omba waandike kwenye faili kwamba metoklopramidi usipewe tena, na waiombe ile hospitali ya kwanza rekodi ya dawa zote za siku ile ili daktari ajue kama kuna nyingine ya kuepuka. Dawa nyingine za kuzuia kutapika zipo, deksamethasoni kwa mfano, haigusi dopamini kwa namna ile. Na kama kuna dawa yoyote unatumia sasa hivi, hata ya usingizi au ya msongo, itaje pia, usione aibu.

Jina la dawa nililiandika usiku uleule nyuma ya risiti, bado ninayo kwenye pochi. Niambie tarehe tu, nakuja, na nitakaa upande uleule wa kitanda.

Dada yako