Risala ya Wahasibu Wastaafu wa Jeshi, Nakuru, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maafande mlio kazini, wastaafu wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu Lanet, Afande Kanali. Tumeombwa tuwe wafupi, na makarani wa mishahara kukata ni kazi yetu.

Mabilioni ya ununuzi ndiyo hutangazwa, lakini huku kambini hesabu huanza kuharibika kwenye impresti, yaani fedha anazokabidhiwa afisa azitumie kisha azitolee hesabu. Afisa kijana anakabidhiwa, tuseme, shilingi 50,000 za matumizi madogo ya kikosi. Saa yoyote kisanduku kikifunguliwa, noti zilizomo pamoja na vocha, yaani hati za malipo, zilizolipwa sharti zifike 50,000. Noti zikiwa 18,300 na vocha 29,700, zimepungua 2,000. Mara nyingi hazikuibwa: zilinunua kabichi na makaa kwa mama wa sokoni asiye na kitabu cha risiti. Dawa ni vocha kujazwa palepale: tarehe, kipimo, bei, jina la muuzaji, nambari ya kitambulisho, sahihi yake na ya shahidi. Zikijazwa zote mwisho wa mwezi, mkaguzi hunusa, maana kalamu ni moja na mwandiko ni mmoja kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Risiti za mafuta nazo, zile za karatasi laini ya mashine, hufifia zikiachwa kwenye joto la gari. Zitolewe kopi siku hiyohiyo.

Impresti ya safari haina huruma. Kanuni za fedha za umma za 2015 zinatoa siku saba za kazi tangu kurejea kituoni za kuitolea hesabu au kuirudisha. Zikipita, deni hukatwa kwenye mshahara, na riba juu yake.

Upande wa mishahara, kidonda ni posho isiyosimamishwa. Askari anahamishwa kutoka eneo la mazingira magumu, hati ya uhamisho inakawia njiani, posho inaendelea kuingia, naye anailipia karo ya watoto. Miezi minane baadaye anakatwa kwa mkupuo.

Ombi letu ni hili, Afande. Kabla ya kukabidhiwa kisanduku, afisa apewe mafunzo ya siku mbili, na makabidhiano yafanywe kwa kuhesabu noti mojamoja mbele ya wote wawili, si kwa kutia sahihi mlangoni huku lori linanguruma. Kufundisha tutafundisha bure. Tupatiwe chai na nauli tu. Na kwa kuwa matatu ya kutoka mjini haitoi risiti, vocha tutajaza wenyewe.

Ahsante, Afande.